Sura ya Sita: Mkeka Juu ya Mchanga

Ijumaa ya tarehe 13 Februari 2009, West Indies na Uingereza ziliingia katika uwanja wa Sir Vivian Richards, kisiwani Antigua, kucheza mechi ya siku tano. Uwanja ulikuwa mpya, umejengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2007. Jerome Taylor wa West Indies alianza kukimbia ili arushe mpira, na kila alipokanyaga mguu ukazama. Uwanja ulikuwa umefukuliwa na kumwagwa mchanga ili maji ya mvua yapite upesi, lakini nyasi hazikuwa zimeushika mchanga huo. Fidel Edwards alipochukua zamu yake, naye hakupata pa kukanyagia. Baada ya mipira 10 tu, Uingereza ikiwa na mikimbio 7, waamuzi walikubaliana kwamba mrushaji angeweza kuvunjika goti, na mechi ikafutwa. Siku mbili baadaye timu zilihamia kwenye uwanja wa zamani, mjini St John's.

Mkazi wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, anaujua vizuri mchanga wa namna hiyo. Ingia bulla (mtaa) yoyote mjini jioni, baada ya swala ya alasiri, utaona vijana wanacheza mpira kwenye eneo la mchanga mwekundu, magoli yao ni miti miwili au mawe, mbuzi wanapita katikati bila kumwomba mtu ruhusa. Pembeni pana kichaka cha mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka adui wa nyayo na wa mipira. Mwiba wake hupenya soli ya kandambili hadi kwenye nyama.

Mpira wa miguu unavumilia uwanja kama huo. Mpira ukikwama, mtu anaupiga teke tena na mchezo unaendelea. Kriketi haivumilii, kwa sababu mpira wake unarushwa chini kwanza, unadunda, ndipo unamfikia mpigaji. Namna unavyodunda ndiyo inayoamua kama kijana ataondoka uwanjani na mikimbio 50 au na jino lililong'oka. Katika michezo mingine hatari inatoka kwa mpinzani. Katika kriketi, nusu ya hatari imo ardhini.

Kwa hiyo anayetaka kuupeleka mchezo huu Garissa, Wajir au Mandera hana budi kuanza na udongo. Gongo, jezi na vikombe vitafuata.

Katikati ya uwanja wa kriketi pana ukanda unaoitwa pichi. Urefu wake, kutoka wiketi moja (vijiti anavyovilinda mpigaji) hadi nyingine, ni mita 20.12, na upana wake ni mita 3.05. Pichi nzuri ya asili hutengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi uliosagwa, ukalowanishwa, ukashindiliwa kwa rola mara nyingi, ukaachwa ukauke polepole huku mizizi ya nyasi fupi ikiushika kwa ndani. Ikikamilika inakuwa ngumu kama sakafu, na mpira unaodunda mahali pamoja mara tatu unapanda kimo kilekile mara tatu. Usawa huo ndio usalama wa mpigaji. Mrushaji wa kasi anaurusha mpira kwa kilomita 140 kwa saa, na mpigaji ana takriban nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kuusogeza mwili. Macho yake hayawezi kuufuata kila hatua. Anategemea kwamba ukidunda pale, utafika hapa.

Udongo ukikaushwa ovyo unapasuka. Mpira ukitua kwenye ukingo wa ufa unaruka kuelekea usoni, na ukitua hatua moja mbele ya ufa huo unaweza kutambaa chini kama panya. Kokoto moja iliyojificha kwenye murramu inafanya kazi ileile. Mpigaji hajakosea kitu, wala mrushaji hakuwa na nia mbaya, na mtu ameumia.

Tarehe 29 Januari 1998 jambo hilo lilishuhudiwa na dunia nzima katika uwanja wa Sabina Park, Kingston, nchini Jamaika. Pichi ilikuwa imetengenezwa upya kabla ya mechi ya West Indies na Uingereza, na ilikuwa na mawimbi yaliyoonekana kwa macho. Curtly Ambrose na Courtney Walsh, warushaji warefu na wenye kasi, hawakuhitaji kufanya lolote la ziada. Mpira ulitoka ardhini kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuikisia, ukawapiga wapigaji mikononi, mabegani na kifuani, na mganga wa timu akawa anaingia na kutoka. Nahodha wa Uingereza alikuwa Mike Atherton, na wa West Indies Brian Lara. Baada ya mipira 61, Uingereza ikiwa na mikimbio 17 na wiketi 3 zimekwisha anguka, yaani wapigaji 3 wametolewa, waamuzi Steve Bucknor na Srinivas Venkataraghavan walisimamisha mchezo. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo mechi ya siku tano ya kimataifa kufutwa kwa sababu pichi ni ya hatari. Mwezi mmoja nyuma, mjini Indore, India na Sri Lanka zilikuwa zimeacha mechi ya siku moja baada ya ova 3, yaani zamu 3 za kurusha, kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2009 ikawa zamu ya uwanja wa Feroz Shah Kotla mjini Delhi, ambao ulifungiwa mechi za kimataifa kwa miezi 12.

Mifano hii inatoka kwenye nchi tajiri za mchezo huu, zenye wataalamu wa nyasi, maabara za udongo na rola za tani kadhaa. Wao wameshindwa zaidi ya mara moja. Mwalimu wa michezo Garissa, mwenye jembe na toroli, asilaumiwe akikataa kuwaweka watoto wake mbele ya mpira mgumu kwenye ardhi aliyonayo. Aungwe mkono.

Kenya yenyewe ina historia ndefu na kriketi. Mchezo uliingia na maafisa wa Kiingereza na familia za Kihindi zilizofuata reli kutoka Mombasa, na vilabu vikaota kando ya reli hiyo: Mombasa, Nairobi, Nakuru, Kisumu. Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza nchini Uingereza chini ya nahodha Harilal Shah. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaiangusha West Indies kwa 93. Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15, na Rajab Ali akamtoa Brian Lara. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana wa Kipakistani Shahid Afridi alipiga mikimbio 100 kwa mipira 37, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 17. Mwaka 2003 katika uwanja huohuo Collins Obuya alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, Sri Lanka ikalala, na Kenya ikaendelea hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Utamu wa siku ile ya Gymkhana ulitokana na mkono wa Obuya, lakini ulitokana pia na ardhi. Obuya alikuwa mrushaji wa mpira wa kuzunguka, na mpira wa kuzunguka unahitaji uso unaoushika na kuugeuza. Pichi ile ilikuwa na watunzaji, maji na rola.

Reli haikufika Garissa. Na zaidi ya reli, sheria iliufunga mkoa. Mwaka 1926 sheria ya wilaya za pembezoni ilitumika kuigeuza iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lisiloingiwa wala kutokwa bila kibali. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari, ambayo haikuondolewa hadi 1991. Waraka Na. 10 wa Bunge wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na rutuba na mvua. Vilabu, viwanja na walimu wa michezo ni matunda ya uwekezaji wa aina hiyo, na mkoa mzima ulikosa. Ukiona leo hakuna pichi ya maana ya kriketi kaskazini mashariki mwa nchi, usiseme Wasomali wa huko hawaupendi mchezo. Hawakuwahi kuwekewa.

Wengi wanapoambiwa habari ya kubadilisha kriketi ili ifae mahali kama Garissa, hudhani mchezo huu ni kama sanduku la urithi lisilofunguliwa. Historia yake inasema kinyume. Zamani mpira ulirushwa kwa chini ya kiuno. Kurusha mkono ukiwa usawa wa bega kuliruhusiwa 1835, na kurusha juu ya bega, kama wanavyorusha wote leo, kuliruhusiwa 1864. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilichezwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971. Mchezo wa ova 20 ulianza Uingereza 2003, na ndio utakaochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Hata pichi yenyewe imebadilika. Mwaka 1977, tajiri wa Australia Kerry Packer alinyimwa viwanja vya kriketi, akaamua kukodi viwanja vya michezo mingine, na mtaalamu wake John Maley akaotesha pichi ndani ya trei kubwa nje ya uwanja, kisha akazipachika kwa winchi.

Na mabadiliko mengi yaliletwa na damu. Mwezi Machi 1962, nahodha wa India, Nari Contractor, alipigwa kichwani na mpira wa Charlie Griffith huko Barbados, fuvu likapasuka. Nahodha wa West Indies, Frank Worrell, alikuwa miongoni mwa waliomtolea damu. Contractor alipona, lakini hakucheza tena mechi ya kimataifa. Siku zile hakuna aliyevaa kofia ngumu. Graham Yallop wa Australia alipoivaa kwenye mechi ya siku tano mwaka 1978, mjini Bridgetown, watazamaji walimzomea. Leo hakuna mzazi atakayemruhusu mwanawe asimame bila hiyo.

Kofia nayo haikutosha. Tarehe 25 Novemba 2014, mjini Sydney, Phillip Hughes alikuwa ameshapata mikimbio 63 alipojaribu kuupiga mpira mfupi uliopanda. Ulimpiga shingoni, chini ya ukingo wa kofia, ukapasua mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka 26. Kifo hicho kilizaa kinga ya shingo inayofungwa nyuma ya kofia, na tangu Oktoba 2023 Australia inawalazimisha wachezaji wake kuivaa mbele ya warushaji wa kasi. Tangu Agosti 2019 mchezaji aliyepigwa kichwani na kuonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo anaweza kubadilishwa na mwingine atakayepiga na kurusha. Wa kwanza kuingia kwa utaratibu huo alikuwa Marnus Labuschagne, akichukua nafasi ya Steve Smith, katika uwanja wa Lord's.

Ikiwa wenye mchezo wamekuwa wakiubadilisha kwa miaka karibu 200, mwalimu wa Masalani au Balambala, huko Garissa, ana haki ileile.

Sasa turudi kwenye udongo. Garissa ina aina mbili kubwa za ardhi zinazohusika na jambo hili. Mbali na mto kuna mchanga mwekundu, ambao haushikani. Kando ya Mto Tana kuna udongo mzito wa mfinyanzi ulioletwa na mafuriko kwa karne nyingi, ule ambao mvua ikinyesha unakwamisha malori na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ajabu ni kwamba udongo huo wa pili ni ndugu wa ule unaopendwa na watengeneza pichi. Pichi za Australia hutengenezwa kwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Anayesema Garissa haina udongo wa kriketi hajafika Tana.

Kinachokosekana ni maji. Hesabu yake ni rahisi. Pichi ina takriban mita za mraba 61. Kuilowanisha mara moja kwa kina kinachostahili, tuseme milimita 25 za maji, kunahitaji lita 1,500 na ushei, yaani mitungi 77 ya lita 20. Hiyo bado inawezekana, ni kazi ya mikokoteni michache ya punda. Lakini pichi huzungukwa na uwanja wa nyasi. Chukua uwanja mdogo wenye mita 60 kutoka katikati hadi mpakani: ni karibu ekari 3. Kwa joto la Garissa, ambako mchana mwingi hupita nyuzi 34, kuzipa nyasi hizo milimita 5 tu za maji kwa siku kunahitaji zaidi ya lita 56,000. Kila siku. Katika mji ambao kuna familia zinazonunua maji kwa mtungi, na ambako ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo kila upande, kumwagilia nyasi za mchezo kiasi hicho ni jambo lisilofaa kutamkwa. Kisha mto wenyewe ukifurika, kama ulivyofanya mwishoni mwa 2023 na tena 2024, utaichukua pichi yako iliyo bondeni pamoja na mashamba ya ndizi.

Basi nyasi ziachwe.

Jibu limekuwepo kwa zaidi ya karne moja, nalo ni mkeka. Afrika Kusini ilicheza mechi zake za mwanzo za kimataifa juu ya mikeka. Msimu wa 1913 kuingia 1914, Mwingereza Sydney Barnes alichukua wiketi 49 huko katika mechi 4 tu, idadi ambayo haijapitwa hadi leo katika mfululizo mmoja. Pakistan ilicheza juu ya mikeka hadi Desemba 1959, ambapo Rais Eisenhower wa Marekani alikaa Karachi kutazama mechi dhidi ya Australia. Mikeka hiyo ilisukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, makumbi yaleyale ambayo wazee wa Lamu, majirani wa Garissa kwa upande wa bahari, wamekuwa wakisokotea kamba. Ya leo ni ya nyuzi za plastiki, haiozi wala haipendwi na mchwa.

Chini ya mkeka panatakiwa kitu kigumu na sawa. Kwenye udongo ulioshindiliwa mpira unapanda taratibu, na hilo linafaa kwa wanaoanza, ila udongo huo utaliwa na upepo na kwato kabla ya msimu kwisha. Zege linadumu. Bamba la mita 25 kwa mita 2.5, lenye unene wa sentimita 10, linakula zege la mita za ujazo 6 na robo: kazi ya fundi wa mjengo na vibarua wake kwa siku moja, pamoja na waya wa BRC ndani yake. Garissa inao mafundi hao, na wamejenga maghorofa.

Kosa la kuepuka liko kwenye siku zinazofuata. Jua la Garissa linanyonya maji kwenye zege kabla halijakomaa, na zege la namna hiyo linapasuka vijiufa na kumenyeka juu kama rangi kuukuu. Fundi mjuzi anamwaga zege alfajiri, analisawazisha kwa ubao mrefu ulionyooka, anaupitisha ubao huo mara ya pili akiwa amepiga magoti na jicho liko usawa wa ardhi kutafuta mahali palipobonyea, kisha analifunika kwa magunia na kuyalowanisha asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7. Kibonyeo cha kina cha kidole, ambacho kwenye sakafu ya nyumba kingefichwa na zulia, hapa kitaupeleka mpira kwenye kidevu cha mtoto. Mkeka nao uvutwe ukaze, ufungwe kando zote, kwa sababu mkunjo ni sawa na ufa na ukingo ulioinuka unakwaa miguu ya wakimbiaji.

Zege lina tabia yake, nayo isifichwe. Mpira hudunda juu zaidi kuliko kwenye nyasi. Kwa mtu mzima hiyo ni raha, lakini mtoto wa miaka 11 atapata mpira wa kifua kila mara. Dawa yake ni tabaka la mpira laini chini ya mkeka, au kubadilisha mpira unaorushwa, au yote mawili.

Halafu kuna jua la jioni. Garissa iko karibu kabisa na ikweta, jua linazama upande wa magharibi mwaka mzima, na watu watacheza jioni kwa sababu mchana haufai. Pichi ikilazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, mpigaji mmoja atakuwa anautazama mpira ndani ya mwanga. Tarehe 23 Januari 2019, mjini Napier, New Zealand, waamuzi walisimamisha mechi kati ya wenyeji na India kwa sababu hiyo, maana pichi ya pale imelazwa vibaya. Kulaza bamba kutoka kaskazini kwenda kusini hakuongezi hata shilingi kwenye gharama. Ni kukumbuka tu kabla fundi hajapiga kamba.

Na fedha nyingi hazihakikishi kitu. Kwa Kombe la Dunia la ova 20 la 2024, uwanja wa muda ulijengwa huko Nassau, New York, nchini Marekani. Pichi zilioteshwa kwenye trei huko Florida chini ya wataalamu wa kutoka Adelaide, zikasafirishwa kwa malori hadi New York. Sri Lanka ikamalizwa kwa mikimbio 77, Ireland kwa 96, na nahodha wa India, Rohit Sharma, akatoka nje akiushika mkono uliopigwa na mpira uliopanda bila kutarajiwa. Baraza la kriketi duniani, ICC, lilikiri kwamba pichi hazikucheza sawasawa. Bamba la zege lililosawazishwa vizuri, chini ya mkeka uliokazwa, huwa linadundisha mpira sawa kila siku ya wiki.

Upande wa mpira, mafunzo yanatoka Karachi. Huko vijana wa mitaani huchukua mpira wa tenisi, wakauzungushia utepe wa mafundi umeme, na kucheza kriketi barabarani bila kofia wala pedi. Mpira wa ngozi una gramu 156 hadi 163. Wa tenisi hauzidi gramu 60, na utepe unaongeza kidogo tu. Utepe unauwezesha kwenda kwa kasi na kupinda hewani, kwa hiyo mrushaji anajifunza ufundi wa kweli, lakini ukimpiga mtu unamwachia alama badala ya kumvunja mfupa. Jicho tu ndilo linalobaki hatarini, ndiyo maana watoto wasisimame karibu na mpigaji.

Waafghani waliokimbilia Pakistan katika miaka ya vita waliujua mchezo huo kwenye kambi za wakimbizi za kuzunguka Peshawar. Hawakuwa na nyasi, wala vilabu, wala mwaliko wa mtu. Mohammad Nabi alikulia huko. Mwaka 2017 Afghanistan ilipewa hadhi ya kucheza mechi za siku tano, na mwaka 2024 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 ikiongozwa na Rashid Khan. Kambi za Dadaab, ndani ya Kaunti ya Garissa, zilifunguliwa 1991 kwa ajili ya watu 90,000, zikaja kubeba mara kadhaa ya idadi hiyo, na kuna kizazi kilichozaliwa na kukomaa humo. Vijana wa Dagahaley, Ifo na Hagadera hawana upungufu wa mikono wala wa macho wakilinganishwa na wale wa Peshawar.

Kenya nayo ina mfano wake, tena kwa wafugaji. Huko Laikipia, eneo la Il Polei, Aliya Bauer wa Afrika Kusini alianza kuwafundisha kriketi vijana wa Kimaasai mwishoni mwa miaka ya 2000. Walicheza na shuka na shanga zao, mwaka 2013 wakaenda London, na wakautumia umaarufu wao kupinga ukeketaji na ndoa za wasichana wadogo. Hawakungoja uwanja kama wa Gymkhana. Walianza na ardhi waliyonayo, mchezo ukavaa mavazi ya kwao. Uganda ilicheza Kombe lake la kwanza la Dunia mwaka 2024 na kuifunga Papua New Guinea, mzee wa timu Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akitoa mikimbio 4 tu katika ova zake 4. Wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliifunga West Indies mwaka 2023. Majirani wanasonga.

Kwa Garissa, mpangilio unaofaa ni huu. Shule ianze na mpira wa utepe kwenye ardhi iliyofagiliwa miiba na kokoto, mikimbio ikihesabiwa kwa ova 5 au 6, kama ambavyo watoto wengi tayari wamezoea kushika gongo kwenye raunda. Bamba na mkeka vifuate. Mpira wa ngozi uje mwisho kabisa, na usirushwe hata mara moja kabla ya kofia zenye wavu, pedi na glavu kufika, na kabla ya mwalimu kujua dalili za mtikisiko wa ubongo: kizunguzungu, kutapika, kusahau, usingizi usio wa kawaida. Aliyepigwa kichwani anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Kofia iliyopigwa sana inatupwa. Sheria hizi zisipunguzwe kwa kisingizio cha umaskini, kwa kuwa hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini na mtoto wa Hulugho yuko mbali nayo.

Serikali ya Kaunti ya Garissa, pamoja na zile za Wajir na Mandera, zina idara za michezo na zina bajeti. Mwaka ujao wa fedha, pale zitakapotenga pesa za kusawazisha kiwanja cha shule au cha bulla, ziongeze bamba moja la zege la mita 25, lililolazwa kaskazini kwenda kusini, na mkeka mmoja wa kulifunika.